Rupia Isiyouzwa

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako, mkono mmoja kichwani kwa mtu na mwingine kwenye simu, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimefunga kibanda mapema ili niandike. Mama Salma wa jirani ameshapita mara mbili kuniuliza kama naumwa, kwa sababu watu wa Bondeni wamezoea kuniona nimeinama juu ya saa zao hata siku za mvua.

Sitaandika habari za blanketi, wala ndoo, wala vyakula vya barabarani. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukanijibu, "Mama, naenda Mombasa, siendi mwezini." Sawa. Tuyaache hapo.

Barua hii ina jambo moja, nalo ni la baba yako. Unajua tangu zamani kwamba kwenye kaburi lile la Bungoma, ambalo unalipalilia kila Desemba, kuna mgomba badala ya mtu. Uliambiwa baba yako aliungua mtaani Kaptembwo na mwili wake ukazikwa pamoja na wasiojulikana. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi, na wote wakaniamini. Haikuwa kweli. Siku tulipouzika ule mgomba baba yako alikuwa hai. Nimelijua hilo kwa miaka kumi na moja na sijamwambia mtu.

Nilitaka kuitia barua chini ya nguo zako, uikute ukiwa umefika. Nilishaanza hata kukunja shuka la kuifichia, kisha nikajiona nilivyo mwoga. Kwa hiyo nitaiacha mezani, pamoja na kioo changu cha jicho, kile ninachotazamia saa, na sarafu mbili nilizofunga kwenye kitambaa. Mimi nitakuwa kwenye kibanda. Kama utataka kunipigia kelele, nipigie nikiwa karibu. Kama utataka kuondoka kesho bila kunisemesha nitaelewa, ingawa nitaumia sana.

Naandika leo kwa sababu ya lile koti jeupe linaloning'inia mlangoni. Unakwenda kusomea kazi ya maabara. Utakuwa ukitazama vitu vidogo kupitia kioo, na upande wa pili wa mlango kutakuwa na mtu kwenye benchi anayengoja neno lako. Mimi pia niliwahi kungojwa hivyo. Neno nililolitoa ndilo ninalokuandikia.

Mzee Abubakar, aliyenifundisha kazi ya saa, alifariki kabla hujazaliwa. Alikuwa mzee wa hapa hapa Bondeni, ukoo wake ulitoka pwani zamani, na kwenye droo ya chini ya meza yake alikuwa na mkebe wa pesa za kale: rupia za fedha walizolipwa watu wa reli, senti zenye tundu, na vipande vya shaba ambavyo hata yeye hakujua vilitoka wapi. Saa ndizo zilizomlisha. Sarafu alizipenda bure. Mimi nilizipenda kwa sababu ya alama. Nyingi zimegongwa alama ndogo ambazo hazikutoka kiwandani: nyota, herufi, jani, mistari. Zamani mbadilisha fedha alipotaka kujua kama rupia ni fedha kweli aliigonga kwa mhuri wake mdogo wa chuma, na kila mmoja alikuwa na mhuri wake. Alama chache zinajulikana ni za nani. Zilizobaki, wenyewe wamekufa nazo.

Alikuwa akinipa sarafu na kioo, kisha anauliza, "Waona nini?"

"Naona mhuri wa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka karibu na stesheni."

"Sikukuuliza ni mhuri wa nani. Nimekuuliza waona nini."

"Nukta mbili na mstari."

"Basi sema nukta mbili na mstari. Ukiulizwa zaidi, sema hujui. Unaogopa nini? Meno yatang'oka?"

Nilikuwa mwepesi mno wa kujua, Nekesa, na hiyo ndiyo ilikuwa tabu yangu. Alama nikiitazama dakika mbili nilikuwa nimeshaitungia mwenyewe, na duka lake, na mkewe mwenye wivu. Watu walizipenda hadithi zangu. Walikuja na pesa za babu zao, nikawaeleza zilikopitia, wakatoka wamefurahi. Mzee alipofariki aliniachia meza, kioo na ule mkebe. Hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza naona nini.

Ndani ya mkebe mlikuwa na rupia moja niliyoipenda kuliko zote. Karibu na sikio la mfalme aliyechorwa juu yake ilikuwa imegongwa mwezi mwembamba na nukta tatu chini yake. Sikuwahi kuiona alama hiyo kwingine, wala wakusanyaji wachache ninaojuana nao Nairobi hawakuwahi. Nilipoolewa na baba yako nilimpa hiyo, maana hatukuwa na pete za maana. Usiku... hapana, ilikuwa mchana, siku moja kabla ya harusi, nilikuwa nikiitoa uchafu kwa sindano ya kazi ili ing'ae. Sindano ikateleza ikachora mstari mfupi ukingoni, chini ya shingo ya mfalme. Nililia. Nilikuwa nimeharibu kitu kilichotushinda sote umri. Baba yako akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akacheka, akasema, "Sasa hii ndiyo alama yangu. Hao wengine wabaki na mwezi wao." Tangu siku hiyo haikutoka mfukoni mwake.

Ulikuwa na miaka mitatu zile siku za moto, watu walipochomeana nyumba baada ya uchaguzi. Wewe husema unakumbuka moshi. Nadhani unakumbuka tulivyokuwa tukisimulia. Baba yako alikuwa akiweka mabomba kwenye nyumba moja Kaptembwo na vifaa vyake alikuwa ameviacha huko. Asubuhi ile ilionekana kumetulia kidogo. Nilimwambia angoje. Akasema, "Mama Nekesa, bila spana zangu tutakula nini?" Akakuinua juu, akakurudisha chini, akaenda. Kufikia saa saba mchana kulikuwa kumewaka tena, na hakurudi.

Wiki tatu nilizunguka na Simiyu, baba yako mdogo. Sitakueleza tuliyoyaona kwenye vyumba vya maiti. Nitakwambia tu kwamba mwanzoni nilikuwa nikiingia nikiomba asiwemo, na baada ya siku kadhaa nikaanza kuingia nikiomba awemo. Wewe ulikuwa ukiniuliza, "Baba anakuja saa ngapi?" nami nikawa nakufokea, na siku moja nilikupiga. Simiyu alikuwa ameandika kwenye karatasi hospitali nane za miji ya bonde letu hili. Mbili alikuwa ameshafika. Kwa zile nyingine alikuwa akingoja barabara zipitike.

Ndipo akaja mtu mmoja kibandani.

"Sasa, mathe. Nimeskia wewe hununua pesa za kitambo."

Alikuwa mmoja wa waliokuwa wakisafisha viwanja vilivyoungua Kaptembwo. Akafungua kipande cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi cha mviringo.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa ploti moja ilichomeka. Kulikuwa na mwili hapo ya mwanaume. Walishabeba, wakazika na wale hawajulikani. Hii ilibaki kwa jivu." Akanitazama. "Mathe, uko sawa?"

Nilimpa alichotaka akaenda. Upande mmoja wa sarafu moto ulikuwa umeula kabisa, hata mwaka haukusomeka. Upande wa mfalme ulikuwa na masizi magumu. Mzee Abubakar alikuwa amenikataza nisisugue sarafu yoyote kabla sijaitazama ilivyo, kwa kuwa ukiisugua unaondoa nusu ya yale uliyokuwa uyatazame. Mimi nikachukua ndimu na majivu nikaisugua mpaka vidole vikaniwaka. Karibu na sikio la mfalme ukatokea mwezi, na chini yake nukta tatu.

Kama yangeishia hapo, ningesema nilikosea kama mtu yeyote anavyoweza kukosea. Lakini nisikilize vizuri. Nilivaa kioo nikautafuta ule mstari wangu. Nilijua ulipo, ningeweza kukuonyesha nikiwa nimefumba macho. Haukuwepo. Nikaigeuza sarafu kwenye mwanga nikautafuta tena, na haukuwepo. Nikajiambia umeliwa na moto. Nikajiambia umeliwa na ndimu. Nekesa, moto haukuwa umegusa upande ule. Ukingo chini ya shingo ya mfalme ulikuwa mzima, laini, hauna kitu. Niliona hivyo kwa jicho langu mwenyewe, kisha nikavua kioo.

Na lilikuwepo jambo jingine, ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja angelijua. Hakuna mtu anayechonga mhuri wa chuma ili agonge mara moja autupe. Mwenye ule mwezi aligonga rupia chungu nzima, kila iliyopita mkononi mwake. Kwamba mimi nilikuwa nimeona moja tu, hilo lilikuwa jambo langu mimi. Nilikuwa nikiwafundisha hivyo wateja. Siku ile nilijisahaulisha, nikatoka nje nikapiga nduru, na Mama Salma ndiye aliyenidaka nisianguke.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza mpaka nimechoka, na jibu ni moja na si zuri. Nilikuwa nimechoka kutojua. Kilio ningekiweza, kilio kina matanga, kina watu wa kukushika na siku ya kumaliza. Kule kungoja hakukuwa na mtu wa kunishika.

Kukhu, bibi yako, alifika siku ya pili kutoka Bungoma. Unakumbuka alivyokuwa, maneno machache na macho makavu. Akaiweka ile sarafu kiganjani, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni pesa," akasema. "Pesa hutoka kwa huyu ikaenda kwa yule. Labda mwanangu aliipeana. Labda waliiba. Wewe unajuaje ni yeye?"

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Sijakataa ni kazi yako. Nauliza, unajua?"

Simiyu naye akasema polepole, "Shemeji, wacha nimalizie hizi hospitali. Zimebaki sita tu. Nikimkosa, tutazika."

Nilimgeukia Simiyu nikamwambia anataka kunitesa. Nikamwambia yeye hana mke wala mtoto, hajui ninayopitia. Kisha nikachukua kioo nikakisukuma mkononi mwa Kukhu, mama wa watu ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano aliitiwa wajukuu, nikamwambia, "Haya, tazama mwenyewe, kama sasa wewe ndiye fundi." Alinirudishia kioo bila kukivaa. Simiyu akaikunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni. Nilimwona akifanya hivyo, na nilifurahi.

Tulimzika kwa desturi ya kwao, kama anavyozikwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Walikata mgomba wa kimo chake, wakauvisha suti ya harusi, wakaulaza ndani ya sanduku. Ulipopewa udongo umrushie baba uliuliza kwa sauti kwa nini baba amekuwa mti. Wanawake wakakufunika kwa shuka wakakuondoa. Tukanyolewa. Mtu akishazikwa hivyo, mwanangu, mambo yake yamefungwa. Hakuna anayemtafuta mtu aliyezikwa.

Nami nikapata usingizi. Nakiri hilo ijapokuwa ndilo linaloniaibisha zaidi. Nilirudi kwenye meza yangu, nikatengeneza saa, nikakulea. Watu walinihurumia na kunisifu kwa ujasiri, na sifa zile nilizila.

Ulikuwa darasa la tatu siku alipokuja yule mama. Ulikuwa umekaa chini ya meza ya kibanda na daftari lako. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote.

"Habari yako, mama. Mimi nilikuwa nafagia wodi," akataja hospitali na mji wake, mji ulio kwenye barabara ya kwenda Nairobi. "Sasa nimeacha kazi. Kuna kitu nimekaa nacho miaka, inanisumbua. Niliambiwa hapa Bondeni kuna mama anasoma pesa za zamani. Nataka tu uniambie hizi alama zinasema nini. Labda zinataja mtu."

Akafungua leso. Niliona mwezi na nukta tatu. Nikavaa kioo, nikatazama ukingoni chini ya shingo ya mfalme, na mstari wangu ulikuwepo.

Nilikutuma dukani ukanunue maziwa. Huenda unakumbuka, kwa sababu maziwa yalikuwepo nyumbani na ulinibishia, nikakufukuza. Ulipoondoka nikamwomba yule mama akae chini anieleze.

Mwenye rupia ile aliletwa na lori pamoja na majeruhi wengine. Alikuwa amepigwa kichwani, hana kitambulisho, hana chochote ila ile rupia. Polepole alijifunza tena kukaa, akajifunza kushika kijiko, lakini neno halikumtoka hata moja. Wodini walimwita Baba Pesa.

"Hiyo pesa hakuwa anaiachilia," yule mama aliniambia. "Saa ya kuona wagonjwa ikifika, alikuwa anajiinua kwa kitanda, anaishika hivi juu, anaonyesha kila mtu anaingia kwa mlango. Kila mtu. Watu walidhani ni kuomba anaomba. Wengine walikuwa wanamwekea shilingi kwa mkono, anaiacha inaanguka."

"Kwa siku ngapi?" nikauliza.

"Siku? Mama, alikaa miezi minane. Kifua ndiyo ilimmaliza."

Ile hospitali ilikuwa ya nne kwenye karatasi ya Simiyu. Tulipokuwa tukinyolewa kule Bungoma, baba yako alikuwa kitandani na mkono wake umeinuka. Alidhani mmoja wetu ataingia, na ataijua. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa maana aliolewa na mtu, ona hata kalamu inanikosea, alioa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua sarafu. Aliona mlango ule ukifunguka kila siku na mimi siingii. Sijui alifikiri nini juu yangu. Sijui kama alikuwa bado anaweza kufikiri. Nimejaribu kutumaini kwamba hakuweza, nikaona kwamba hata hilo ni jambo baya kulitumaini.

Mwezi uliofuata yule mama alinipeleka makaburini. Wasio na wenyewe walizikwa safu moja kando ya ukuta, kila mmoja na kigingi cha chuma chenye namba. Yeye alikuwa ameiandika namba ya baba yako kwenye jalada la Biblia yake, kwa wema tu, bila kuambiwa na mtu. Lakini kutu ilikuwa imekwishafanya kazi yake. Vigingi vitano vya mwisho havikusomeka, na alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba baba yako yumo katika hao watano.

Nililala kifudifudi kwenye nyasi, nikavaa kioo cha saa, nikaanza kukwangua kutu kwa kibano. Mtu mzima, makaburini, na kioo jichoni. Kwenye kigingi cha pili niliona kitu kilichofanana na mkia wa saba, na namba ya baba yako ilikuwa na saba. Nikakitazama mkia ule mpaka ukaanza kupata kichwa. Nikaanza kumwona baba yako pale chini. Nilishafungua mdomo nimwambie yule mama, "Ni hapa." Ndipo nikavua kioo na kuketi, kwa kuwa nilikuwa karibu kukifanya tena kitu kile kile.

Nilirudi nyumbani nikakupikia ugali na mboga. Nilisema nitakwambia ukimaliza darasa la nane. Ukamaliza, nikasema ngoja amalize fomu foo. Kulikuwa na sababu kila mwaka, na zote zilikuwa nzuri. Kukhu alikufa akiamini kwamba kaburi lile mlangoni kwake lilimfunga mwanawe. Nilikuwa naye siku zake za mwisho. Nilimwosha miguu, nikampaka mafuta, na akaniambia, "Asante, mke wa mwanangu. Wewe hukutuacha." Nafasi ilikuwa hapo, mlango umefungwa, sisi wawili tu. Nikamfunika miguu nikatoka. Simiyu ninamwita wiki ijayo, na safari hii nitamwambia, hata akinitukana mbele ya watu.

Sasa ile sarafu nyeusi. Tangu utotoni mwako umeiona ikining'inia kwa uzi mbele ya kibanda. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni dawa ya kufukuza wezi. Umesikia wateja wakiniuliza, "Mathe, hiyo ni ngapi?" nami najibu haiuzwi. "Kila kitu huuzwa, mathe." Basi hii haiuzwi. Uliwahi kuniambia nina kiburi cha ajabu kuhusu kipande cha chuma kilichoungua.

Ndiyo ile ya kwanza, iliyotoka kwenye jivu. Kwa sababu mtu aliungua pale Kaptembwo, Nekesa, na hakuwa baba yako. Alikuwa wa watu wengine. Kulikuwa na mke mahali fulani, au mama, aliyeijua rupia ile kama mimi nilivyoijua yetu, na huenda alikuwa akizunguka vyumba vile vile vya maiti, tukipishana mlangoni. Hakubakiwa na kitu kingine cha kumtambulisha mtu wake. Mimi nikakichukua, nikakisugua, nikakifanya changu, na msiba nikaufanya wangu. Yeye labda bado anangoja. Ndiyo maana nimeitundika pale mtu yeyote anapoweza kuiona. Miaka kumi na moja hajasimama mtu wa kuitambua. Leo nimeishusha ili uitazame kwa kioo, na kesho nitairudisha kwenye uzi wake.

Ile nyingine ni ya baba yako, na kuanzia leo ni yako. Usiisugue.

Utakosea kazini kwako. Sikuombi usikosee, nani asiyekosea? Lakini itakuja siku utatafuta kitu kwenye kioo na usikione, na mtu wa kwenye benchi atakuwa amechoka, na wewe utakuwa umechoka kumwona amekaa pale. Utajisikia kumpa jibu lolote ili nyote wawili mpumzike. Siku hiyo nikumbuke mimi. Mwache akuchukie, rudi ndani ukatazame tena.

Nimesoma nilichoandika na naona sijakuomba msamaha. Nilijaribu mara mbili, nikafuta. Nikikuomba sasa nitakuwa nakuharakisha, nami najua ninavyoharakisha watu. Kaa nalo kadiri unavyotaka. Nakupenda, na nakuogopa kidogo leo, jambo ambalo sijawahi kulisema.

Saa kumi na nusu imepita, nakwenda kibandani. Gari lako la kesho linapitia mji ule wa hospitali. Nyuma ya mlango kuna mfuko wangu mdogo, nimeshaufunga. Kama hutaki twende wote, uache hapo hapo na nitajua. Kama unataka, tutashuka njiani, tutembee mpaka makaburini, nikuonyeshe ile safu ya ukutani. Utasimama mbele ya vile vigingi vitano, na utaniuliza kile ambacho mtoto yeyote angeuliza, kwamba kati ya hawa baba yangu ni yupi.

Nami nitakujibu, mwanangu, kwamba sijui.

Mama yako